Sifa Iliyochelewa: Habari za Bendi ya Ramones na Muziki wa Warithi Wake

Lugha yetu inalo neno moja ambalo kila mpenzi wa muziki wa dansi analijua, nalo ni zilipendwa. Ni kitenzi kilichogeuzwa kuwa jina, na maana yake ni nyimbo zilizovuma zamani, ambazo redio huzipiga siku za mapumziko ili wazee wakumbuke ujana wao. Mwanafunzi wa sarufi ataona mara moja ya kuwa neno hili limefungwa katika wakati uliopita. Lachukulia kwamba mapenzi yalikuwako kwanza, kisha yakapoa, na ya kuwa kilichobaki ni kumbukumbu. Kwa nyimbo nyingi dhana hiyo ni sawa kabisa. Lakini historia ya muziki inayo mifano iendayo kinyume, mifano ya nyimbo ambazo hazikupendwa na wengi zilipokuwa mpya, zikaja kupendwa watungaji wake walipokuwa watu wazima waliochoka, au walipokwisha kuzikwa. Kwa nyimbo hizo hatuna neno. Insha hii yaeleza mfano mmoja wa namna hiyo, nao ni wa bendi ya Ramones ya mji wa New York, iliyofanya kazi tangu mwaka wa 1974 mpaka mwaka wa 1996.

Mfano huu unafaa kwa sababu tarehe zake zajulikana na hesabu zake zimeandikwa, hata twaweza kuuliza kwa uhakika swali ambalo aghalabu huulizwa kwa kubahatisha: sifa ya bendi inapobadilika, kitu kinachobadilika ni nini? Je, ni muziki wenyewe, au ni masikio ya watu, au ni mahali? Desturi ni kusema kwamba bendi hupanda, hufika kileleni, kisha muziki mpya huja ukaisukuma chini. Nitajaribu kuonyesha kwamba kwa Ramones mambo hayakuwa hivyo. Muziki wao ulibadilika kidogo mno, na kila walipojaribu kuubadilisha walirudi walipotoka. Sifa yao haikupanda wala kushuka kama maji ya pwani. Ilihama, ikatoka nchi moja ikaingia nchi nyingine, na wachukuzi wake walikuwa ndio hao hao vijana wa muziki mpya waliodhaniwa kuwa wamewazika.

Kwanza neno lenyewe. Panki, kama tutakavyoliandika hapa, lisichanganywe na mapanki ya kandokando ya Ziwa Victoria, yaani vichwa na mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kuondolewa. Neno la Kiingereza ni la kale. Shakespeare alilitumia katika tamthilia ya Measure for Measure kwa maana ya kahaba. Huko Marekani lilitumika kwa kuni iliyooza ishikayo moto upesi, tena kwa kijana mhuni asiyefaa kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 waandishi wa habari za muziki wa Marekani wakalihamisha, wakaliita kwalo lile kundi la bendi changa za miaka ya 1960 ambazo vijana walizianzisha katika magereji ya wazazi wao bila ya mafunzo makubwa. Mwezi wa Januari 1976 vijana wachache wa New York walitoa gazeti wakalipa jina la Punk, na Ramones walikuwa miongoni mwa bendi walizozisifu. Basi tusi likavaliwa kama cheo. Jambo hili si geni kwa mtu aliyezoea majina ya watani, lakini lilikuwa na gharama yake, kama tutakavyoona.

Watu wanne walioanzisha bendi hii walitoka mtaa wa Forest Hills katika wilaya ya Queens. Hawakuwa ndugu, ijapokuwa kila mmoja alijitwalia ukoo wa Ramone kana kwamba wamezaliwa tumbo moja. Jeffrey Hyman akawa Joey, John Cummings akawa Johnny, Douglas Colvin akawa Dee Dee, na Thomas Erdelyi, mzaliwa wa Budapest, akawa Tommy. Jina lenyewe lilitokana na Paul McCartney wa Beatles, ambaye katika siku zake za mwanzo aliwahi kujiita Paul Ramon. Johnny alishika gitaa, Dee Dee akashika besi, na Joey, aliyeanza kwenye ngoma, akahamishiwa kwenye kuimba. Tommy alikusudiwa kuwa meneja tu. Aliketi kwenye ngoma kwa kuwa wapigaji waliokuja kujaribiwa hawakuelewa walichotakiwa kufanya. Tarehe 16 Agosti 1974 walipiga kwa mara ya kwanza katika kilabu cha CBGB, baa nyembamba katika barabara ya Bowery, iliyofunguliwa mwishoni mwa 1973 na kupewa herufi hizo kwa ajili ya muziki wa mashambani ambao mwenyewe alitumaini kuupiga.

Msikilizaji aliyezoea bendi zetu za dansi, ambamo gitaa la solo, la rithimu na la besi huzungumza na kujibizana kama watu watatu barazani, atakapozisikia santuri za Ramones ataona kana kwamba nusu ya bendi haikufika. Solo karibu haimo. Gitaa ni la rithimu peke yake, nalo lapigwa kwa mkono unaoshuka tu, tena kwa kasi, kutoka mwanzo wa wimbo hata mwisho. Nyimbo nyingi ni za dakika mbili hivi. Aghalabu kila moja hutanguliwa na kuhesabu moja hata nne kwa sauti kubwa, kisha huingia yote pamoja na hukatika yote pamoja. Tungo nazo ni fupi: mistari michache, aghalabu ya mzaha mweusi, inayorudiwa mpaka inageuka kiitikio. Mtu mwenye kupima ushairi kwa wingi wa beti atazikataa. Lakini chini ya kelele hizo kuna nyimbo tamu za vijana wa miaka ya 1960, zile za vikundi vya wasichana na za waimbaji wa ufukwe wa California, na Joey aliziimba kwa huba ya kweli, si kwa kejeli. Nadhani hapo ndipo ilipo siri ya kudumu kwake, kwa sababu kelele peke yake huchosha upesi.

Santuri yao ndefu ya kwanza ilirekodiwa mwezi wa Februari 1976 kwa muda wa wiki moja hivi, kwa gharama ya dola 6,400, wakati ambapo bendi kubwa za roki zilikaa studio miezi kwa miezi. Ilikuwa na nyimbo 14 ambazo zote pamoja hazikutimiza nusu saa. Ilitoka tarehe 23 Aprili 1976 kwa kampuni ya Sire, na katika orodha ya mauzo ya gazeti la Billboard haikupita nafasi ya 111. Wasomaji wakumbuke hesabu hii, kwa maana santuri hiyo hiyo tutakutana nayo tena baada ya miaka 38.

Tarehe 4 Julai 1976, siku Marekani ilipotimiza miaka 200 ya uhuru wake, Ramones walikuwa London, katika ukumbi wa Roundhouse. Yasimuliwa mara nyingi ya kuwa vijana wote waliokuja kuunda panki ya Uingereza walisimama ukumbini humo usiku huo, wakatoka wamegeuka. Hadithi ni nzuri, lakini tarehe zaikanusha: usiku ule ule Sex Pistols walikuwa wakipiga mjini Sheffield, na waliofungua jukwaa lao walikuwa The Clash katika onyesho lao la kwanza kabisa. Waliokutana na Wamarekani hao walikutana nao kesho yake, Ramones walipopiga katika kilabu cha Dingwalls. Wala bendi hizo mbili za London hazikungoja kufundishwa, kwani zilikwisha kuundwa. Hata hivyo kiini cha hadithi si uongo. Santuri ya Ramones ilikuwa imekwisha kuvuka bahari, na kijana ambaye hakuweza kupiga gitaa kwa ustadi aliisikia akaona ya kuwa jambo hili laweza kufanywa. Katika habari za urithi wa muziki, ruhusa ya namna hiyo huenda ikawa na nguvu kuliko mafundisho.

Huko Uingereza panki ilikuwa habari ya magazeti kabla haijawa habari ya santuri. Mwezi wa Desemba 1976 Sex Pistols walitukana katika televisheni wakati wa jioni, na kuanzia hapo jina la panki likawa jina la fujo. Bendi hiyo ilikwenda Marekani mwezi wa Januari 1978 ikavunjika huko huko San Francisco. Waliolipa gharama walikuwa Ramones. Santuri yao ya tatu, Rocket to Russia, iliyotoka Novemba 1977, ndiyo ambayo wahakiki wengi waliiona kuwa kilele chao, na wenyewe walitarajia kwamba safari hii redio zitafunguka. Iliishia nafasi ya 49. Wimbo wao wa Rockaway Beach ulifika nafasi ya 66 katika orodha ya nyimbo za Marekani, na haukupata kutokea wimbo wao mwingine uliopita hapo. Wenye vituo vya redio walilihofu neno, hata kampuni za santuri zikaona heri kuuza bendi hizo kwa jina lingine la upole, wimbi jipya. Jina la gazeti la vijana lilikuwa limewageukia.

Jambo lililozidi kuwauma ni kwamba majirani wa kilabu kile kile walifanikiwa. Blondie, waliopiga katika jukwaa lile lile la CBGB, waliuchanganya muziki wao na disko, na mwaka wa 1979 wimbo wa Heart of Glass ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Talking Heads nao walikuwa wakibadilika kila santuri na kusifiwa kwa hilo. Funzo lililokuwa wazi kwa kila mtu ni kwamba anayebadilika hupata. Ramones walikubali kujifunza. Tommy aliyechoshwa na safari aliacha ngoma mwaka wa 1978, Marc Bell akashika nafasi yake kwa jina la Marky, na kwa santuri ya mwaka wa 1980, End of the Century, walikabidhiwa kwa Phil Spector, mtayarishaji wa zile nyimbo za vikundi vya wasichana ambazo Joey alizipenda tangu utoto. Gharama iliyokuwa maelfu sasa ilihesabiwa kwa malaki. Spector aliurudisha wimbo wa Ronettes wa mwaka 1963, Baby, I Love You, akaujaza fidla. Uingereza ulifika nafasi ya 8. Marekani santuri yenyewe ilifika nafasi ya 44, nayo ndiyo ya juu kuliko zote walizopata; lakini haikuwa ule mlango uliotarajiwa. Mwaka wa 1981 kampuni ikawapa mtayarishaji mwingine, Graham Gouldman wa bendi ya 10cc, na santuri ya Pleasant Dreams ikashuka hadi nafasi ya 58. Ile ya 1983 ikashuka hadi 83.

Kwa sikio langu Pleasant Dreams ni bora kuliko inavyosemwa, na sauti ya Joey haijasikika tamu zaidi mahali popote. Hata hivyo haikumridhisha mtu. Waliowapenda waliona wametiwa sukari, na waliolengwa na sukari hiyo hawakuja. Wakati huo huo vijana wadogo wa Washington na Los Angeles walikuwa wameikaza panki ikawa ya kasi zaidi na ya hasira zaidi. Miongoni mwao walikuwamo Bad Brains, bendi ya vijana weusi waliolitoa jina lao katika wimbo mmoja wa Ramones wa mwaka 1978. Hapa pana jambo la kustaajabisha. Bendi iliyosifiwa kwa upesi kuliko zote, kabla haijatimiza miaka 10, ilikuwa imepitwa kwa upesi na watoto wake, nayo kwa kulinganishwa ikaonekana ya wazee. Jibu lao lilitoka mwaka wa 1984. Walimrudisha Tommy, si kwenye ngoma bali kwenye utayarishaji pamoja na Ed Stasium, wakatoa Too Tough to Die, santuri ngumu iliyojibu vijana kwa lugha yao. Wahakiki waliisifu. Iliuzwa hadi nafasi ya 171.

Kuanzia hapo waliacha kwa vitendo, kama si kwa maneno, kutafuta wimbo wa kuwatoa. Waliishi kwa safari. Katika miaka 22 walipiga maonyesho 2,263, yaani zaidi ya 100 kila mwaka, na sehemu kubwa ya njia waliipita wakiwa wamebanana katika gari moja dogo. Johnny aliiendesha bendi kama duka: ratiba haivunjwi, fedha haichezewi, mavazi ni yale yale, koti jeusi la ngozi na jinzi zilizochanika magotini. Joey alikuwa mtu wa tabia nyingine, mgonjwagonjwa, mpole, mwenye kutamani redio mpaka mwisho. Wawili hao waligombana kwa sababu ya mwanamke mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakakaa miaka mingi katika gari hilo bila ya kuzungumza. Siasa nayo iliwatenga. Rais Reagan alipozuru makaburi ya Bitburg, Ujerumani, mwezi wa Mei 1985, ambamo wamezikwa pia askari wa Waffen-SS, Joey, aliyekuwa Myahudi, pamoja na Dee Dee walitunga wimbo wa kumlaumu. Johnny, aliyekuwa mfuasi wa Reagan, alilikataa jina lake, na katika santuri ndefu ya mwaka 1986 ukawekewa jina jingine mbele. Mtu aweza kuuliza waliwezaje kuendelea. Nadhani jibu ni kwamba muziki wao ulikuwa wa namna isiyohitaji mashauriano: kila mmoja alijua sehemu yake, na sehemu hiyo haikubadilika. Uthabiti wao uliosifiwa baadaye kama msimamo wa kisanii ulikuwa nusu yake ni nidhamu, na nusu ni watu wasioweza kukaa chini wakapanga kitu kipya pamoja. Dee Dee ndiye aliyekuwa mtunzi mwenye rutuba kuliko wote, naye mwaka wa 1989 alitoka, baada ya kujaribu kurekodi muziki wa rapu, jambo lililodumu siku chache. Nafasi yake kwenye besi ilichukuliwa na kijana, C.J., lakini tungo za Dee Dee waliendelea kuzinunua.

Twafika sasa kwenye miaka ambayo kwa kawaida husimuliwa kama ushindi wa panki. Septemba 1991 Nirvana walitoa Nevermind, na Januari 1992 santuri hiyo ikashika nafasi ya kwanza Marekani. Februari 1994 Green Day, vijana watatu waliotoka katika vilabu vya East Bay, California, walitoa Dookie, ambayo kwa Marekani peke yake ilikuja kupita nakala milioni 10. Mwaka huo huo The Offspring walitoa Smash kwa kampuni ndogo ya Epitaph, nayo ikauzwa kwa mamilioni. Mwenye kuisikiliza Dookie baada ya Rocket to Russia hana haja ya kuonyeshwa ukoo: urefu wa nyimbo, gitaa lisilopumua, sauti tamu juu ya kelele. Redio zile zile zilizofunga milango mwaka wa 1977 sasa zilifungua madirisha pia. Na Ramones walikuwapo. Hawakuwa wamekufa wala kustaafu. Walikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, wakisafiri, wakitoa Mondo Bizarro mwaka wa 1992 na santuri ya nyimbo za watu wengine mwishoni mwa 1993. Mtu angedhani ya kuwa wakati wao umewadia. Haukuwadia, angalau si kwao. Msikilizaji wa miaka 15 aliyependa muziki huo alitaka auimbiwe na kijana wa miaka 22, na si na babaye. Kilichowafikia wazee hao kilikuwa heshima: kila bendi mpya ikiulizwa ilijifunza kwa nani, iliwataja. Kutajwa hakujazi ukumbi, lakini kazi yake hufanyika polepole, kama maji chini ya mchanga.

Ukumbi ulijaa mahali pengine. Mwaka wa 1987 Ramones walikwenda Buenos Aires kwa mara ya kwanza, na kuanzia 1991 walirudi karibu kila mwaka mpaka 1996. Sababu zilikutana kadha wa kadha. Argentina ilikuwa imetoka katika utawala wa kijeshi mwezi wa Desemba 1983. Wakati wa vita vya mwaka 1982 na Uingereza nyimbo za Kiingereza zilikuwa zimeondolewa redioni, na vijana waliokua katika hali hiyo walikuwa na kiu. Bendi za huko kama Attaque 77 na 2 Minutos zilianza kuipiga panki ya namna ya Ramones kwa Kihispania, zikawapigia debe wakubwa wao. Kisha mwaka wa 1991 serikali ilifunga thamani ya fedha ya nchi kwa dola, moja kwa moja, na kwa hiyo kuwaalika wanamuziki wa kigeni kukawa jambo rahisi. Lakini haya yote yaeleza kwa nini bendi yoyote ingeweza kwenda huko. Hayaelezi kwa nini hawa walipokelewa kwa kufukuziwa magari na kuzingirwa hotelini, kama walivyofanyiwa Beatles katika siku zao.

Hapa nina neno la kusema kama mtu wa lugha. Kasoro walizohesabiwa nyumbani, yaani uchache wa maneno na wingi wa kurudia, zilikuwa ndizo fadhila zao ugenini. Kiitikio cha maneno manne hakihitaji kamusi. Kijana wa Buenos Aires asiyejua Kiingereza aliweza kuimba wimbo mzima wa Ramones kutoka kifuani, na kuhesabu moja hata nne akakufanya kwake. Wimbo wa Bob Dylan hauchukuliki hivyo. Wasafiri na elimu yake nyuma yake, kama tenzi zetu. Wao wasafiri na mfuko mtupu. Tena Waargentina walifanya jambo ambalo Wamarekani wenzao hawakulifanya: waliwapa wafuasi wa bendi jina la kuitwa, ramonero. Kiishio hiki cha -ero ndicho ambacho Kihispania hukitumia kwa mtu wa kazi fulani, kwa mfano zapatero, mshona viatu. Kwa hiyo ramonero si mpenzi tu wa bendi. Lugha inamtaja kana kwamba hiyo ndiyo shughuli yake mjini. Sisi tungesema shabiki wa Ramones tukaishia hapo. Nguvu ya jina ni kwamba laweza kurithiwa, na leo wako ramonero waliozaliwa baada ya bendi kuvunjika.

Tarehe 16 Machi 1996 Ramones walipiga katika uwanja wa River Plate, uwanja ambamo Argentina ilitwaa Kombe la Dunia mwaka wa 1978. Waliowatangulia jukwaani ni pamoja na Iggy Pop, ambaye kwa haki ya historia alikuwa mkubwa wao, na Die Toten Hosen wa Ujerumani. Watu walikuwa makumi ya maelfu. Miezi michache baadaye, nyumbani, walizunguka na tamasha la Lollapalooza, ambapo jina lililoandikwa kwa herufi kubwa lilikuwa Metallica, na miongoni mwa wenzao walikuwamo Rancid, vijana wa panki waliowaheshimu kama wazazi. Tarehe 6 Agosti 1996, katika ukumbi wa Palace, Hollywood, ambao si mkubwa, wakapiga onyesho la 2,263 na kuachana. Wageni wa Pearl Jam, Soundgarden, Motörhead na Rancid walipanda kuwasindikiza. Santuri yao ya mwisho ya studio, ya mwaka 1995, ilikuwa na jina la Kihispania, ¡Adios Amigos! Sioni kuwa ni bahati tu kwamba waliaga kwa lugha ya waliowajazia uwanja.

Baada ya hapo sifa ilikuja kwa kasi, nao walikuwa wakiondoka kwa kasi. Joey alikufa kwa saratani tarehe 15 Aprili 2001, na umri wake ulikuwa miaka 49. Machi 2002, bendi ilipoingizwa katika jumba la heshima la muziki wa roki, aliyetoa hotuba alikuwa Eddie Vedder wa Pearl Jam, na waliozipiga nyimbo zao jukwaani walikuwa Green Day. Dee Dee alihudhuria. Alikufa tarehe 5 Juni mwaka huo huo. Johnny alikufa kwa saratani tarehe 15 Septemba 2004. Mwaka wa 2003 mji wa New York uliipa pembe moja ya barabara ya Bowery jina la Joey, na kibao chake kiliibiwa mara kadhaa hata kikainuliwa juu zaidi. CBGB yenyewe ilifungwa mwaka wa 2006. Kisha kuna habari ya fulana. Nembo ya bendi ilichorwa na Arturo Vega kwa kuuigiza muhuri wa Rais wa Marekani: tai ni yule yule, lakini badala ya tawi la mzeituni ameshika tawi la mtufaha, na badala ya mishale gongo la besiboli. Fulana hiyo huvaliwa leo na watu duniani kote, wengi wao wasioweza kutaja wimbo hata mmoja wa Ramones. Wapo wanaolihesabu hili kuwa dharau. Mimi naliona kama ilivyo kwa kanga ambayo mvaaji hakuisoma jina: maneno yapo, yamngoja mwenye kusoma.

Warithi nao wamezeeka. Green Day waliingizwa katika jumba lile lile la heshima mwaka wa 2015, na Januari 2024 walitoa santuri mpya iitwayo Saviors. Walipozunguka nayo mwaka huo walizipiga Dookie na American Idiot, ya mwaka 2004, kutoka mwanzo hata mwisho, kwa kuwa hizo ndizo zilizojaza viwanja. Ni mzigo wa namna nyingine, wa mtu aliyefanikiwa mapema: kila wimbo mpya hupimwa kwa ule uliopendwa. Ramones hawakuubeba mzigo huo. Hawakuwa na wimbo mmoja ambao watu waliungoja ili waende nyumbani, na ndiyo maana waliweza kuzipiga nyimbo thelathini kwa mfululizo bila ya kusema neno katikati.

Mwezi wa Aprili 2014, miaka 38 baada ya kutoka kwake, ile santuri ya dola 6,400 ilithibitishwa kuwa imepita nakala 500,000 nchini Marekani, ikapewa hati ya dhahabu. Kati ya wanne waliosimama ukutani katika picha ya jalada lake alikuwa amebaki Tommy peke yake. Alikufa tarehe 11 Julai mwaka huo huo.